Mtoto aguse maji kabla ya kugusa kioo

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi gazetini mwako tuchangie mjadala wa vishikwambi katika madarasa ya chekechea. Wanaojadili wamegawanyika kambi mbili: wanaosema mtoto asiyefundishwa kwa programu za kidijitali ataachwa nyuma, na wanaosema kioo kinamharibu mtoto. Mwalimu anayeshinda na watoto wa miaka mitatu hadi sita ana swali lake, dogo zaidi na gumu zaidi: programu hii inamwachia mtoto kazi gani? Ikiwa yenyewe ndiyo inayotabiri, inayojaribu, inayoona na kisha inayojipigia makofi, mtoto amebaki na kidole tu.

Chukua somo la kuelea na kuzama, ambalo programu nyingi za sayansi za watoto wadogo zinalo. Kwenye kioo kuna beseni, jiwe na unyoya. Mtoto anaburuta jiwe, linazama. Anaburuta unyoya, unaelea. Nyota tatu zinaruka na muziki unalia. Majibu yote mawili ni sahihi, lakini mtoto ametoka na kanuni ileile ya makosa aliyoingia nayo, kwamba kizito huzama na chepesi huelea, na sasa amepewa nyota kwa kuishikilia. Ili kanuni hiyo ivunjike anahitaji kukutana na kipande cha gogo kavu asichoweza kukinyanyua kwa mkono mmoja, kikaelea, na msumari mdogo uliokwenda chini moja kwa moja.

Beseni la maji nusu linatosha, na vitu sita: kipande cha gogo, msumari, sarafu, chupa ya plastiki tupu iliyofungwa kizibo, chupa nyingine ya saizi hiyohiyo iliyojazwa mchanga, na donge la plastisini, yaani udongo laini wa kuchezea, la ukubwa wa yai. Vikizidi sita watoto huanza kugombea zamu na somo linapotea. Tandika vitambaa viwili vya rangi tofauti, kimoja cha vitakavyoelea na kingine cha vitakavyozama, na kila kitu kiwekwe kwenye kitambaa chake kabla mtu hajagusa maji. Hatua hii ndiyo programu nyingi huiruka, nayo ndiyo sayansi yenyewe: mtoto aliyekwisha kutabiri mbele ya wenzake hutazama matokeo kwa jicho jingine kabisa. Donge la plastisini libaki la mwisho. Likitumbukizwa linazama. Likitolewa, likakaushwa, likakandwa kuwa mtumbwi, linaelea, na hakuna aliyelipunguza uzito hata chembe. Hapa ndipo mambo huharibika: watoto huacha kuta nene au ufa kwenye kona, mtumbwi unakwenda chini, na mwalimu anaambiwa amedanganya. Kuta zisizidi nusu ya unene wa penseli, na ukingo upapaswe kwa kidole mpaka ufa ufungike. Udongo wa mfinyanzi usitumike, maana unalowa na kuyeyuka kabla mjadala haujaisha.

Kishikwambi kina kazi hapo, ila si ile ya jiwe na unyoya. Kazi yake ni kurekodi kwa mwendo wa polepole msumari unavyoingia majini, kisha video irudiwe mara mbili, isimamishwe katikati, na watoto waseme kitakachofuata. Baada ya hapo, mwenye kupenda aifungue ile programu yenye nyota. Sasa watoto wana cha kuibishia. Mtoto aliyelibeba gogo lazima aulize mbona humo ndani hamna gogo.

Ndiyo maana tukiulizwa programu moja ya kubakiza kwenye kishikwambi tungetaja kamera, ambayo huja na chombo chenyewe, haidai intaneti wala haina nyota. Inamkuza sisimizi mpaka watoto wahesabu miguu yake. Inashika kivuli cha mti asubuhi, adhuhuri na alasiri. Na inafanya jambo moja ambalo macho ya mtoto hayawezi: inazikusanya siku kumi mahali pamoja.

Jaribio la mbegu ya maharage linaonyesha hili vizuri. Loweka mbegu usiku kucha. Viringisha karatasi laini ya kufyonza maji ndani ya glasi angavu, bana mbegu tatu au nne kati ya karatasi na ukuta wa glasi, mimina maji ya kimo cha sentimita moja chini. Maji yakizidi hapo yakafikia mbegu, zitaoza na kunuka. Glasi ikae mahali pamoja, na alama ya utepe wa karatasi wenye gundi ibandikwe mezani sentimita 30 kutoka kwenye glasi ili kishikwambi kisimame palepale kila siku. Picha moja kila asubuhi, saa ileile. Zima taa ya kamera, kwa sababu inarudi kwenye glasi na kuacha doa jeupe mahali pa mzizi. Dirisha liwe ubavuni. Likiwa nyuma ya glasi picha zote zitakuwa giza tupu. Mzizi huchomoza kwa kawaida kati ya siku ya pili na ya nne, na shina hufuata baadaye. Siku ya kumi, picha zitelezeshwe haraka kwa kidole na mche unaota mbele ya macho yao. Kisha watagundua wenyewe kwamba kidole kikirudi nyuma, mche nao unarudi kuwa mbegu, na watacheka, na watarudia mara ishirini. Waache. Halafu uliza swali moja: na ule wa kwenye glasi, je, unaweza kurudi? Swali hilo linabeba somo zaidi kuliko programu nyingi za mimea tulizozipima.

Hitilafu moja ya kamera ijulikane mapema. Katika vishikwambi vingi, mtoto akikishikilia kitufe cha kupigia badala ya kukigusa, chombo hupiga picha mfululizo, na kwa dakika chache unakuta mamia ya picha za dari. Video ya ubora wa juu nayo inaweza kula megabaiti 100 kwa dakika. Kishikwambi chenye gigabaiti 16 hujaa ndani ya wiki, na kikijaa kinakataa kupiga hata ile picha ya siku ya saba uliyokuwa ukiingojea. Punguza ubora wa video kwenye mipangilio na ufute kila Ijumaa.

Upande wa teknolojia, yaani kumfundisha mtoto kupanga amri, walimu wengi huanza na hofu na kuishia kuupenda kuliko ule wa sayansi. Wazo si geni. Logo, lugha ya kuiandikia kompyuta amri, ilibuniwa mwaka 1967 na Seymour Papert na wenzake, na kobe wake, roboti ndogo au alama ya kwenye kioo, alikuwa akipokea amri za kwenda mbele na kugeuka kabla wengi wetu hatujazaliwa. Leo kuna ScratchJr, programu ya bure iliyotoka mwaka 2014 kwa ajili ya watoto wa miaka mitano hadi saba, ambayo vitofali vyake vya amri vina alama badala ya maneno. Kuna pia roboti za sakafuni kama Bee-Bot, inayosogea sentimita 15 kwa kila amri na kugeuka digrii 90 papo hapo iliposimama.

Makosa mawili ya roboti hiyo yanajirudia kila mahali. La kwanza, mtoto hubonyeza mshale wa kulia akitarajia iende kulia, kumbe imegeuka tu na kubaki palepale. Anahitaji kubonyeza mbele baada ya kugeuka. La pili, anasahau kitufe cha kufuta, hivyo amri za aliyemtangulia zinatekelezwa kwanza, na roboti inaonekana kama ina wazimu. Mwalimu asiyejua hilo atasema imeharibika na kuirudisha kabatini. Tatizo huongezeka watoto wanapohamia ScratchJr, kwa sababu huko kitofali cha mshale wa kulia kinaisogeza picha kwenda kulia kweli, bila kugeuka. Mishale inafanana, maana ni tofauti. Asiyewaeleza watoto jambo hili mapema atatumia wiki nzima akishangaa kwa nini waliokuwa wakifanya vizuri wamerudi nyuma.

Kinga yake ni chaki. Chora sakafuni miraba ya sentimita 40 hivi, sita kwa sita. Mtoto mmoja awe roboti, mwingine ampe amri kwa kadi za mishale, na roboti asitembee mpaka kadi zote zimepangwa chini. Hilo la mwisho ndilo gumu. Watoto wanapenda kutoa amri moja, kuona, kisha kutoa nyingine. Kufikiri kwa mpangilio kunaanza pale wanapolazimika kuona njia nzima kichwani kwanza. Kadi tatu zinatosha siku ya kwanza. Roboti akigonga ukuta, asilaumiwe yeye: zirudiwe kadi moja moja mpaka ionekane iliyokosewa. Aliyezoea kutafuta kadi mbovu sakafuni hana taabu ya kutafuta kitofali kibovu kwenye kioo.

Sasa lugha, jambo ambalo wanunuzi wa programu hawaligusi. Programu nyingi huongea Kiingereza cha haraka, na zile zilizotafsiriwa mara nyingi zimetafsiriwa na mtu ambaye hakuliona somo. Sumaku ni mfano mzuri. Kwa Kiswahili cha kila siku tunaita chuma karibu kila kitu kigumu kinachong'aa. Programu inapoonyesha sufuria ya alumini na kijiko, ikaviita vyote chuma, kisha ikasema sumaku huvuta chuma, mtoto amefundishwa kosa kwa sentensi iliyo sahihi. Sumaku ya kawaida huvuta chuma halisi, nikeli na kobalti. Alumini na shaba haivuti. Vijiko visivyoshika kutu ndivyo vinavyotega zaidi: vingine vinavutwa, vingine havivutwi kabisa, kulingana na mchanganyiko wa madini yake. Mwalimu avijaribu vyote mwenyewe kabla ya kipindi, aseme alumini ni alumini, na sauti ya programu aizime. Kuzima sauti si dharau kwa programu. Sauti ya mwalimu inajua jana watoto walisema nini. Sumaku zenyewe ziwe kubwa kupita mdomo wa mtoto. Zile ndogo zenye nguvu zisiingie darasani kabisa, kwani mbili zikimezwa hubana utumbo kati yake na kuutoboa. Na zisiwekwe karibu na kishikwambi, kwa sababu huvuruga dira yake na wakati mwingine hukizima kioo kama vile kimefunikwa.

Kuhusu muda hatuna mengi. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka miwili hadi minne asikae mbele ya kioo zaidi ya saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Saa hiyo ni ya siku nzima, na nyumbani kuna televisheni na simu ya mama. Darasani tunaona dakika 10 kwa mtoto zinatosha.

Dakika 10 hizo zina hesabu yake. Darasa la watoto 30 lenye vishikwambi vitano, watoto wawili kwa kimoja, linahitaji mizunguko mitatu. Ongeza dakika tano za kubadilishana kila mzunguko na umefika dakika 45. Kwa hiyo 20 wanaongoja wapewe kazi ya mikono inayojiendesha yenyewe: maji na vikombe, matofali ya mbao, kuchora walichokiona. Kama kazi hiyo inamhitaji mwalimu kila dakika, kipindi kimekufa. Mtafiti wa matumizi ya kompyuta, Fred Davis, aliandika mwaka 1989 kwamba mtu hukubali teknolojia anapoiona ina faida na ni rahisi kutumia. Katika chekechea kuna sharti la tatu, nani atawashika wengine wakati kishikwambi kimoja kimegoma. Walimu wanaoitwa wagumu wa kubadilika mara nyingi wanafikiria sharti hili tu.

Wawili kwa kishikwambi kimoja si ubahili. Mmoja anagusa, mwenzake anasema la kufanya, na saa ya mchanga ya dakika tatu inawabadilisha. Anayesema analazimika kutumia maneno ya chini, juu, zaidi, kabla, baada, na hayo ndiyo maneno ya sayansi. Watatu kwa kimoja hawafai. Wa tatu huanza kumchokoza wa nyuma yake.

Kuna jambo jingine ambalo wageni wanaokuja kutazama hulitafsiri vibaya. Mtoto anagusa kioo, programu haijibu, anagusa tena kwa nguvu, anakasirika, na mgeni anaandika kwamba hajaelewa somo. Tazama mkono wake wa kushoto. Dole gumba limelala ukingoni mwa kioo, nacho kinahesabu miguso miwili kwa pamoja. Kioo hiki huhisi ngozi kwa sababu ngozi hupitisha umeme, kwa hiyo hata kiganja kilichoegemea kinahesabiwa, na vidole vyenye maji au uji huruka ovyo. Dawa ni kukilaza kishikwambi mezani juu ya kitambaa kisichoteleza, au kukiweka kwenye kava pana lenye ukingo wa mpira, na kufuta vidole kwanza. Tena, kugusa ni rahisi kwa mtoto wa miaka mitatu; kuburuta mpaka mwisho bila kuinua kidole ni kazi ya wakubwa kidogo. Programu inayodai kuburuta kila hatua inampima misuli ya kidole na kuandika matokeo kwenye safu ya sayansi.

Kabla programu haijaingia darasani, mwalimu aipe robo saa peke yake. Zima intaneti, uone kama inafunguka. Jibu vibaya kwa makusudi mara kumi mfululizo: kama mlio wa kosa unachekesha kuliko mlio wa jibu sahihi, watoto watakosea makusudi mpaka kengele ya kwenda nyumbani, na kama ukibonyeza ovyo unafika mwisho na nyota zako, haifundishi kitu. Kaa dakika moja bila kugusa. Nyingine huingiwa na haraka na kujibu zenyewe. Tafuta matangazo, tafuta kitufe cha kununua, na tazama kitufe cha kutoka kiko wapi, maana kikiwa chini ukingoni kiganja kitakigusa kila baada ya sekunde chache. Mwisho angalia inaomba ruhusa gani. Programu ya kupanga maumbo inayotaka kujua mlipo, au kusikiliza kipaza sauti, ifutwe bila majadiliano. Picha za nyuso za watoto zibaki shuleni na zipigwe kwa idhini ya wazazi. Kwa sayansi, mikono na glasi vinatosha.

Vyombo vyenyewe vinahitaji mtu mmoja mwenye dhamana. Achaji usiku au baada ya masomo, mezani, penye hewa, kamwe si ndani ya sanduku lililofungwa au chini ya mito. Masasisho yafanyike siku ambayo hakuna kipindi, kwa sababu yakianza saa tatu asubuhi hayakusubiri. Vishikwambi karibu vyote vina njia ya kujifungia kwenye programu moja mpaka iwekwe namba ya siri, na mwalimu aijue njia hiyo kabla ya kujua kitu kingine chochote. Likizo ndefu viachwe na chaji ya nusu hivi: betri iliyokaa tupu kwa miezi huenda isiamke tena. Kioo kifutwe kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo tu, bila dawa ya madoa.

Kwa wanaonunua na kugawa, ombi letu ni la kiutendaji. Kishikwambi kimoja kifike kwa mwalimu angalau wiki mbili kabla ya vingine, bila mafunzo ya ukumbini, akichezee nyumbani na akikosee bila kutazamwa. Kisha mkufunzi aje darasani, watoto wakiwemo, akae sakafuni, na aendeshe mizunguko mitatu ya dakika 10 kwa mikono yake mwenyewe. Mafunzo ya siku mbili kwa picha za ukutani hayajawahi kumwambia mwalimu kitu kuhusu dole gumba la kushoto. Na katika bajeti, kabla ya kuongeza kishikwambi cha sita, waongeze waya za chaja, maana hizo ndizo hufa kwanza, halafu mabeseni mawili na boksi la plastisini.

Ni sisi,
Walimu wa chekechea